Ukooni Kwenu Watu Hufa kwa Maradhi Gani?

Mhariri ameniomba niandike jambo linalohusu fani yangu. Fani yangu ni uhandisi wa maji, yaani pampu, mabomba na matangi. Basi leo naandika kuhusu mabomba, ila ni yale tuliyozaliwa nayo: mishipa ya damu inayolisha moyo.

Nianze na mila zetu. Kwetu Tanga, na wenzangu wa Kisumu, Bukavu na Kampala wananiambia kwao ni hivyo hivyo, kijana akisema anataka kuoa, wazee hawaanzi na mahari. Wanaanza kwa kuulizia ukoo. Mtu mzima anatumwa kimya kimya mtaa wa pili: ukoo ule una kifafa? Una ukoma? Kuna wagonjwa wa akili? Sisi tuliosoma huwa tunawacheka, eti mambo ya kizamani. Mie siwacheki. Kwa maoni yangu wazee waliuliza swali la kisayansi kabisa, tena bila maabara yoyote: ni kitu gani kinapita katika damu ya watu hawa? Tatizo lilikuwa moja tu, kwamba waliuliza ili wakatae. Jibu likiwa baya posa inavunjika, na ukoo ule unajifunza kuficha.

Na kuficha tumejua kweli kweli. Ukiwa msibani ukauliza marehemu aliumwa nini, utajibiwa "presha," au "alianguka tu," au "siku yake ilikuwa imefika," na kuna watakaokunong'oneza kwamba hapo pana mkono wa mtu. Hoja yangu leo ni kwamba ukimya huo unaua. Hauwaui waliokwisha kuzikwa, unawaua watoto wao.

Sasa tuingie darasani kidogo, msinikimbie. Kolesteroli, ambayo magazeti ya nyumbani huiita pia lehemu, ni aina ya mafuta ambayo mwili unaihitaji ili kujenga kuta za seli na kutengeneza homoni. Sehemu kubwa ya kolesteroli haitoki kwenye sahani. Mwili wenyewe ndio unaoitengeneza, na ini likiwa kiwanda kikuu. Kwa kuwa mafuta na maji havichangamani, inasafirishwa ndani ya damu ikiwa imefungwa kwenye vifurushi vidogo. Vifurushi vyenye kuleta taabu vinaitwa LDL. Vikizidi vinapenya kwenye kuta za mishipa na kujikusanya humo mwaka hadi mwaka, mpaka mshipa unafanana na bomba la kisima cha maji ya chumvi. Siku ule uvimbe wa mafuta ukipasuka, damu inaganda papo hapo, njia inaziba, na sehemu ya moyo inakosa hewa. Hilo ndilo shambulio la moyo, lile ambalo kwetu tunasema "alianguka tu."

Ini hilo hilo ndilo lenye kazi ya kuviondoa vifurushi vya LDL katika damu. Juu ya seli zake kuna vipokezi, tuseme ni milango, vinavyovidaka na kuviingiza ndani vikavunjwe. Waliogundua milango hiyo ni Michael Brown na Joseph Goldstein wa Dallas, Marekani, na kwa kazi hiyo walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1985. Hawakuanza na wazee wenye vitambi. Walianza na familia ambazo ugonjwa wa moyo ulikuwa unawapata watoto wadogo. Wakakuta watoto wale wamerithi jeni mbovu ya milango kwa baba na kwa mama pia.

Aliyerithi nakala 1 mbovu anabaki na kama nusu ya milango, na LDL yake inakuwa juu tangu siku aliyozaliwa. Hali hiyo inampata takriban mtu 1 kati ya 250. Aliyerithi zote 2 ni nadra, kama 1 kati ya 300,000, na asipotibiwa anaweza kupata shambulio la moyo kabla hajavunja ungo au kubalehe. Jeni zinazohusika zaidi ni 3, nazo zinaitwa LDLR, APOB na PCSK9. Mzazi mwenye nakala 1 mbovu ana uwezekano wa asilimia 50 wa kumrithisha kila mtoto wake, wa kike kwa wa kiume. Ni kama kurusha shilingi kila mara mtoto anapotungwa.

Hapa naomba nitumie hesabu ya kihandisi. Bomba haliharibiwi na maji ya siku moja. Tunachohesabu ni ukali wa maji mara idadi ya miaka. Mtu mwenye LDL ya milimoli 3 kwa lita, akifika miaka 50, amebeba mzigo wa 150. Mwenzake aliyezaliwa na LDL ya milimoli 6 anaufikia mzigo ule ule akiwa na miaka 25, yaani ndiyo kwanza anamaliza shahada ya kwanza. Hii ni hesabu ya kalamu na karatasi tu, maana sigara, presha na kisukari navyo vina sehemu yake. Lakini inaeleza kwa nini, kati ya wanaume wenye hali hii wasiotibiwa, karibu nusu hupata ugonjwa wa moyo kabla ya miaka 50, na kwa wanawake karibu asilimia 30 kabla ya miaka 60. Mtu anaweza kuwa mwembamba, anakula mboga, anakimbia kila asubuhi, na bado bomba linaziba.

Najua tayari kuna mdau anasema: hayo ni maradhi ya wazungu na ya matajiri, Mwafrika halisi hayamgusi. Na atanitajia Wamaasai. Mfano wenyewe ni mzuri, tuutazame. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 daktari Mmarekani George Mann alikwenda Tanganyika kuwapima Wamaasai, watu wanaoishi kwa maziwa na nyama. Alikuta kolesteroli yao iko chini na dalili za ugonjwa wa moyo ni haba mno. Watu wengi wanaishia hapo. Lakini mwaka 1972 Mann na wenzake walichapisha matokeo ya kuchunguza maiti 50 za wanaume wa Kimaasai, na mafuta yalikuwemo kwenye kuta za mishipa, si haba. Ila mishipa yenyewe ilikuwa mipana, kwa hiyo damu ilipata pa kupita. Wataalamu wamebishana miaka mingi kama sababu ni kutembea mwendo mrefu au ni vinasaba. Funzo ninalolichukua mimi ni kwamba ngozi nyeusi haimkingi mtu, na kilichowafaa wachunga ng'ombe wa Monduli si lazima kitufae sisi tunaokaa kitini saa 10 mbele ya kompyuta.

Kuna na jingine. Katika damu kuna kifurushi kinachofanana na LDL, kinaitwa lipoprotini(a), ambacho Kåre Berg wa Norway alikigundua mwaka 1963. Kiwango chake karibu chote kinaamuliwa na urithi, chakula na mazoezi hayakibadilishi sana, na kikiwa juu kinaongeza hatari ya moyo. Kwa wastani, watu wenye asili ya Afrika ndio wenye viwango vya juu kuliko wazungu. Sasa hapo mdau utasema ni maradhi ya nani?

Hayo yote nayajua kwa sababu yamo nyumbani kwetu. Baba yangu alifariki akiwa na miaka 46. Baba mdogo akafuata, alikuwa na 43. Babu mzaa baba "aliondoka kijana," ndivyo tulivyoambiwa, hakuna zaidi. Katika misiba yote hiyo sikuwahi kusikia neno moyo. Nilipokuja kusoma huku nikapimwa damu kwa shida nyingine kabisa, kolesteroli ikaonekana ni 8.4. Mimi ni mwembamba kama ufito, na Jumamosi nacheza mpira. Daktari hakuniuliza nakula nini. Aliniuliza, "Wazazi wako wako hai? Kama hapana, walifariki na umri gani?" Ni swali lile lile la mshenga, ila yeye aliuliza ili anitibu. Kipimo cha vinasaba kilipotoka, jeni ya LDLR ndiyo yenye kasoro.

Watoto wa baba tuko 4. Mmoja amepima nyumbani, yuko salama. Mdogo wetu wa kike amepima, naye anayo kama mimi. Kaka yetu mkubwa hataki. Anasema kutafuta ugonjwa ni kuualika. Ana miaka 38. Baba aliondoka na 46. Mimi ni mtu wa hesabu, na hesabu hiyo naipiga kila nikilala.

Kuna watakaosema jeni ni hatima, sasa kujua kunasaidia nini? Nawajibu kwa kisa ambacho kila Mwafrika anapaswa kukijua. Mwaka 2003 watafiti nchini Ufaransa walieleza familia ambazo jeni ya PCSK9 ilikuwa inafanya kazi kupita kiasi. Kazi ya jeni hiyo ni kutengeneza protini inayoharibu ile milango ya ini, hivyo LDL za watu wale zilipanda. Huko Dallas, Helen Hobbs na Jonathan Cohen wakageuza swali: je, wapo watu ambao jeni hiyo haifanyi kazi? Mwaka 2005 wakawapata. Walikuwa Wamarekani weusi, takriban asilimia 2 ya weusi waliopimwa, na LDL zao zilikuwa chini sana. Mwaka 2006 wakachapisha matokeo ya watu waliofuatiliwa miaka 15: weusi wenye jeni hiyo iliyozimika walikuwa na LDL pungufu kwa asilimia 28, lakini hatari ya ugonjwa wa moyo ilikuwa pungufu kwa asilimia 88. Mbona tofauti ni kubwa hivyo? Rudini kwenye hesabu ya bomba. Upungufu wao ulikuwa wa tangu kuzaliwa. Mwaka 2007 ikachapishwa taarifa ya wanawake wajawazito wa Zimbabwe, na asilimia 3.7 kati yao walikuwa na mojawapo ya jeni hizo hizo. Mmoja alirithi nakala zote 2, LDL yake ilikuwa 0.4 tu, naye alikuwa mzima wa afya.

Kutokana na damu ya watu hao dunia ilijifunza kwamba protini ya PCSK9 inaweza kuzuiwa bila madhara makubwa. Mwaka 2015 sindano za kwanza za kuizuia, alirocumab na evolocumab, zilipitishwa Marekani na Ulaya, na bei yake ya kuanzia Marekani ilikuwa zaidi ya dola 14,000 kwa mwaka. Mwaka 2021 NHS ya Uingereza ikaanza kutoa inclisiran, ambayo baada ya dozi za mwanzo mtu anachomwa mara 2 tu kwa mwaka. Yaani urithi wa watu weusi umezaa dawa, na weusi wengi hatuna uwezo wa kuinunua. Hilo linaniuma, na siku nyingine nitaliandikia makala yake. Lakini tazameni upande wa pili: kama watu wale wa Dallas na wanawake wale wa Zimbabwe wangesema mambo ya damu yetu ni siri, dawa hiyo isingepatikana kwa njia ile. Walikubali damu yao isomwe, na wagonjwa wa kila rangi wamefaidika.

Tena wengi wetu hatuhitaji sindano hiyo ghali. Tiba ya kwanza ni vidonge vya statini, ambavyo chanzo chake ni utafiti wa Akira Endo wa Japani juu ya ukungu, katika miaka ya 1970. Utafiti wa nchi za Skandinavia uliochapishwa mwaka 1994, wenye wagonjwa wa moyo 4,444, ulionyesha kwamba simvastatini ilipunguza vifo kwa asilimia 30 katika muda wa miaka 5 na ushei. Leo statini hutengenezwa na viwanda vingi na hazina bei ya kutisha, na tangu mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani limeiweka simvastatini katika orodha ya dawa muhimu. Mie nakunywa kidonge kimoja kila usiku, basi.

Nije kwenye pingamizi zenyewe, maana hoja bila kusikiliza upande wa pili ni porojo.

La kwanza ni kudra, kwamba siku ikifika imefika. Sibishani na mtu juu ya imani yake. Lakini hao hao wanaosema siku haipingiki ndio wanaotukataza kuvuka barabara bila kutazama. Tahadhari haijawahi kuwa kufuru.

La pili ni zito zaidi, nalo ni ndoa. Mdogo wangu alipopata majibu alikuwa ameshachumbiwa. Shangazi akatupigia simu, akasema, "Wanangu, mambo ya ukoo yasitoke nje mpaka ndoa ipite." Shangazi si mjinga. Anaijua jamii yake. Amewaona wasichana walioachwa kwa maneno madogo kuliko hayo. Nilimjibu kwa adabu zote kwamba nampinga. Nikamwambia, "Shangazi, ndoa itapita, na baada ya ndoa watakuja watoto, kila mmoja na shilingi yake ya kurushwa. Baba yao asipojua, nani atawapeleka kupima?" Mdogo wangu mwenyewe ndiye aliyeamua. Alimwambia mchumba wake, na mchumba akamwambia mama yake. Wiki 2 kimya. Tukajua imekwisha. Kisha mama yule akamtumia ujumbe: kwao kuna kisukari pande zote mbili, na yeye alikuwa anaogopa sisi tusije tukajua.

Nikacheka mpaka machozi, lakini ndiyo hali yetu. Koo mbili zinakaa mkekani, kila moja imefunika chungu chake, na kila moja inaogopa kunusa cha mwenzake.

Sasa basi, nini kifanyike? Sitaki kumaliza kwa maneno matupu.

Sisi tulio huku, tujiandikishe kwa daktari wa mtaa kama hatujafanya hivyo, na tuombe kipimo cha mafuta ya damu. Hapa England wito wa NHS wa kupima afya unaanzia miaka 40. Kwa mtu mwenye jeni hii, kusubiri miaka 40 ni kuchelewa. Kolesteroli yote ikizidi 7.5, au LDL ikizidi 4.9, mwulize daktari waziwazi: inaweza kuwa ya kurithi? Uliza pia kama unaweza kupimwa lipoprotini(a). Wataalamu wa moyo wa Ulaya walipendekeza mwaka 2019 kwamba kila mtu mzima afikiriwe kupimwa angalau mara moja maishani.

Ukienda likizo nyumbani, kaa na mzee mmoja wa upande wa baba na mmoja wa upande wa mama. Usiulize kama mpelelezi, uliza kama mjukuu. Nani aliondoka kabla ya miaka 60? Alianguka ghafla, au aliumwa kifua kwanza? Kuna mtu mwenye uvimbe mgumu kwenye kano za kisigino au za vidole vya mikono? Kuna kijana mwenye duara jeupe kuzunguka mboni ya jicho? Hizo ni dalili ambazo hata asiye daktari anaweza kuziona. Andika majibu, weka na miaka.

Halafu, na hapa ndipo wengi tunashindwa, usibaki nayo peke yako. Ukikutwa nayo, waambie ndugu zako wote wa tumbo moja, na binamu pia. Wao hawahitaji kipimo ghali cha vinasaba. Kipimo cha kawaida cha mafuta ya damu kinapatikana katika hospitali nyingi za mijini kwetu, na kinatosha kuanzia. Dawa aanzishe daktari, si rafiki wala duka la dawa, na dada anayetarajia kubeba mimba lazima amwambie daktari mapema, kwa kuwa kwa kawaida statini husimamishwa kipindi hicho.

Na kwenu washenga wa kesho, maana wengi wetu humu tutatumwa siku moja kuulizia koo za watu: ulizeni, msione haya. Ulizeni kifafa, ulizeni kisukari, sasa ongezeni na moyo. Ila mkipata jibu msirudi nalo mbio kuvunja posa. Wapelekeni bwana harusi na bibi harusi wakapime, kisha mle pilau.

Naomba kutoa hoja.